Wiki Tano za Barua ya Nekesa

Ilianza Jumanne ya pili ya mwezi wa pili, saa tano na dakika ishirini asubuhi, nikiwa kidato cha tatu. Nina hakika na dakika hizo kwa sababu jioni hiyohiyo niliziandika kwenye kaunta buku ninayoiita shajara, nikazipigia mstari mara mbili. Mwalimu wa darasa aliingia na msichana mrefu, sweta imefifia viwikoni, akatuangalia kama mtu anayetafuta nafasi ya kuweka kabati, kisha akasema, “Mumbe, wewe ni mfupi, njoo hapa mbele. Adhiambo, kaa pale na Nekesa.” Hilo tu. Nikabeba vitabu vyangu. Lile dawati la nyuma karibu na dirisha nilikuwa nimelikalia na Nekesa tangu siku yetu ya kwanza sekondari, na upande wangu palikuwa na kishimo nilichokichimba kwa bikari, kinachotosha ncha ya kidole. Kabla sijafika mbele nilisikia Nekesa akicheka. Sijui Adhiambo alimwambia nini. Ninachojua ni kwamba mimi ilinichukua muhula mzima kumchekesha Nekesa mara ya kwanza, na huyu hata begi hakuwa ameliweka chini.

Sasa nina miaka kumi na tisa, shule nimemaliza, na nisingezirudia kurasa hizo kama si Jumamosi iliyopita. Adhiambo alikuwa amekuja Nairobi kutoka Kisumu, anakosomea mambo ya umeme, na sisi watatu tukakutana Soko la Burma, kwenye bucha ambayo Nekesa anasema kachumbari yake haina maji mengi. Tulikaa kwenye benchi, ubao wa nyama katikati yetu, moshi ukituingia machoni, na Nekesa akaanza kusimulia mambo ya shule kwa sauti ya kusikiwa na meza tatu. “Wewe Adhis ulikuwa na kiburi, bana!” akasema, akimnyooshea mfupa. “Mtu nimekuandikia barua, nimekuomba msamaha kwa mwandiko mzuri, ukakaa nayo wiki tano! Wiki tano unanipita kama mlingoti wa stima. Ati mpaka siku ya kufunga shule ndio unakumbuka kunisamehe.” Adhiambo alichovya kipande cha nyama kwenye chumvi, akaniangalia kidogo sana, akarudisha macho kwenye ubao. “Nilikuwa mjinga,” akasema. “Utoto.” Nekesa akacheka, nami nikacheka. Barua ile haikukaa na Adhiambo wiki tano. Ilikaa na mimi, ndani ya jalada la shajara hii. Yeye anajua hivyo, Nekesa hajui, na miaka yote hii Adhiambo amebeba kosa langu bila kulalamika. Nilijikuta naona wivu hata kwa hilo. Hata kunyamaza ananishinda.

Nataka kueleza mwaka ule ulivyokuwa, bila kujipamba. Nekesa na wazazi wake wanakaa Kaloleni, kwenye zile nyumba za mawe ambazo wazee husema zilijengwa na mateka wa Kiitaliano wakati wa vita vya pili. Kila Jumapili baada ya kanisa, tangu tukiwa shule ya msingi, nilikula kwao. Chumba chao cha mbele kina meza iliyofunikwa kitambaa cha kufumwa, kabati la vyombo visivyoguswa, saa ya ukutani ambayo baba yake Nekesa alipewa alipostaafu reli, na kiti kimoja cha mbao kilichotazama dirisha. Kiti hicho kilikuwa changu. Hakuna aliyewahi kusema ni changu, lakini kwa miaka minane hakuna mwingine aliyekikalia. Mimi si mtu wa maneno. Nikisema kitu, watu huniuliza, “Umesemaje?” nami naona haya kukirudia, nasema, “Si kitu.” Kwao nilikula ugali na mrenda, nikasema asante, nikaosha vyombo na Mama Nekesa, nikaenda zangu. Nilidhani kukaa kimya kwa miaka mingi mahali pamoja ni njia ya kupendwa. Labda ni njia, ila ni ya polepole sana.

Jumapili ya kwanza Adhiambo alipokuja kula nasi, alikalia kiti changu kwa sababu hakujua, na hakuna aliyemwambia. Mimi nikakaa kwenye stuli karibu na mlango wa jikoni. Siku hiyo palikuwa na kuku. Mzee, ndivyo sote tulivyomwita baba yake Nekesa, akaanza hadithi yake ya kila mgeni, kwamba nyumba hii tunamokula imejengwa na watu waliokuwa wanangoja vita viishe. Mimi hadithi hiyo nimeisikia labda mara ishirini na kila mara niliitikia kwa kichwa kwa heshima. Adhiambo akaacha kula. “Sasa Baba,” akasema, “vita vilipoisha, nani alikuja kuwaambia? Kwa sababu mtu hawezi tu kuweka mwiko wa saruji chini aende nyumbani. Si lazima aje mtu na karatasi?” Mzee alimtazama kama aliyeulizwa habari za mtoto wake. “Hilo hata mimi sijawahi kujiuliza,” akasema. Basi akachukua firigisi. Kwa Waluhya firigisi ya kuku ni ya mwenye nyumba, haichezewi, hata Nekesa mwenyewe hajawahi kuionja. Akaikata katikati kwa kisu, nusu akaiweka kwenye sahani ya Adhiambo. Mama Nekesa akaguna, “Haiya! Baba Nekesa, leo unagawa ufalme?” Wote wakacheka. Adhiambo akaitafuna polepole, macho yamemtoka kwa furaha, wala hakujua amepewa nini. Mimi nilijua. Miaka minane nilikula kuku katika nyumba ile na najua kila kipande kinaenda kwa nani. Nikaingia jikoni nikaanza kuosha sufuria ambazo zilikuwa bado na chakula.

Tangu hapo nilimchunguza Adhiambo kama mtu anayetafuta chawa. Na ukitafuta sana hukosi. Asubuhi moja nilimwona nyuma ya kibanda cha mboga kando ya geti la shule. Aliinama, akavua patapata za bluu zilizoliwa upande wa kisigino, akapangusa miguu kwa kitambaa, akatoa viatu vya shule kwenye mfuko wa plastiki, akavivaa. Alikuwa anakuja kwa miguu kutoka Mukuru kwa Njenga, anapita Industrial Area yote, ili soli zisiishe. Mwingine angeona bidii pale. Mimi niliona silaha. Saa ya chai nikamwambia Nekesa, kwa sauti ambayo siku hiyo haikuhitaji kurudiwa. Sikumwambia amseme. Nilitaka tu amwone mdogo kidogo, amrudishe kwenye kimo changu.

Nekesa si mbaya. Ila ulimi wake hutangulia, yeye hufuata. Mwezi wa sita, kwenye mdahalo wa darasa, Adhiambo alimbana kwa hoja mpaka darasa likampigia makofi, na Nekesa, akitafuta pa kutokea, akasema, “Huyu msimshangae, amezoea mbio ndefu. Muulizeni zile patapata ziko wapi.” Wasichana wawili watatu wakacheka kabla hawajaelewa. Adhiambo hakulia. Alikusanya vitabu vyake, akatoka dawati la nyuma, akaja kukaa mbele, kando yangu. Kando yangu! Na alipoketi akaninong’oneza, “Wewe ndiye mtu wa pekee hapa hana maneno.” Mchana huo mwalimu aliniruhusu nirudi nyuma. Kishimo changu kilikuwa palepale. Nikaingiza kidole. Niliandika kwenye shajara: Leo nimerudi. Sikuandika jambo lingine, na nikiangalia ukurasa ule sasa, ule weupe uliobaki chini ndio unaonitia aibu.

Sisi wasichana wa shule ile tulikuwa na sheria za kununiana, na hakuna aliyezitunga. Anayesalimia kwanza ndiye aliyeshindwa. Ukisema tu “sasa”, hata kwa bahati mbaya, darasa zima linajua umenyanyua mikono. Kwa hiyo watu wawili wenye akili zao wangeweza kupishana mlangoni muhula mzima, kila mmoja akiangalia ukuta. Njia moja tu ilikubalika ya kutoka humo bila kuaibika: barua, na barua haikupelekwa na mwenyewe. Ilipelekwa na mtu wa tatu, asiye na upande, naye mpokeaji alikuwa na haki ya kukaa kimya. Kimya kilikuwa jibu. Kimya kilimaanisha vita vinaendelea.

Basi tarehe tatu mwezi wa saba Nekesa alinivuta nyuma ya maabara, akanipa karatasi iliyokunjwa mara nne. Kwa nje alikuwa ameandika jina la Adhiambo, na chini yake tarehe. Macho yake yalikuwa mekundu. “Mpelekee,” akasema. “Na wewe hana noma, hajakununia. Nimemwambia kila kitu, hata nimemwambia nilikuwa na wivu.” Nikashangaa. “Wivu wa nini?” “Si ananishinda kila mahali! Baba yangu mwenyewe anamuuliza maoni yake, mimi ananiuliza kama nimefua.” Akapangusa pua kwa mkono wa sweta. “Asipojibu nitajua hataki. Sitamsumbua tena.” Niliichukua. Nakumbuka nilikusudia kuipeleka siku ileile. Lakini Adhiambo alikuwa kwenye mazoezi ya voliboli, na nilipokuwa nikimngoja nilifikiria Jumapili, kiti changu, ile stuli ya jikoni, nusu ya firigisi. Nikafungua shajara, nikaiingiza kwenye jalada la nyuma, pale gundi ilipokuwa imeachia. Nilijiambia ni mpaka kesho.

Unadhani kuficha kitu ni tendo moja. Si kweli, ni kazi ya kila siku. Kila asubuhi Nekesa alinikodolea macho, na kila asubuhi nilisema, “Hajasema kitu.” Haukuwa hata uongo, na hilo ndilo lililonisaidia kulala. Niliyaona matunda yake pia. Nekesa alikonda usoni, lakini alikuwa wangu: alinigawia mandazi, alinisimulia ndoto zake, alinisindikiza hadi kwetu. Jumapili nilikalia kiti changu. Mzee aliniuliza, “Yule rafiki yenu wa maswali yuko wapi siku hizi?” Nekesa akainama, mimi nikasema, “Yuko tu.” “Umesemaje?” “Si kitu, Mzee.” Kuku alikuwepo siku hiyo. Firigisi aliila mwenyewe, nzima, akiangalia dirisha.

Wiki ya mwisho ya muhula mitihani ilikuwa imekwisha, na walimu hawakuwa na la kufundisha. Nilipeleka madaftari ofisini, nikasikia walimu wawili wakizungumza nyuma ya pazia. “Yule Adhiambo wa tatu anahama.” “Anaenda wapi tena?” “Kisumu, kwa shangazi yake. Mamake kazi ya kiwandani imeisha. Baada ya kufunga harudi.” “Ai, na vile ana kichwa!” Nilisimama na yale madaftari mpaka mikono ikafa ganzi. Jambo la kwanza lililonijia, na shajara inanishuhudia kwa sababu niliandika, lilikuwa: sasa sina haja ya kufanya chochote. Ataondoka, nayo barua itaondoka na wakati.

Siku iliyofuata, siku moja kabla ya kufunga, Mwalimu Makau wa Historia aliingia bila kitabu. Huyu alikuwa mwalimu mnene, wa kuongea taratibu, aliyeshika chaki kama sigara. Akauliza, “Vita huishaje?” Mmoja akasema, “Mtu akishinda.” Mwingine akasema, “Wakichoka, Mwalimu.” Akatikisa kichwa. “Watu huchoka siku ya pili. Vita huisha karatasi ikifika.” Akatuambia jinsi vita vya kwanza vilivyosimama huko Ulaya tarehe kumi na moja Novemba, elfu moja mia tisa kumi na nane, saa tano asubuhi, na jinsi huku Afrika Mashariki jenerali wa Kijerumani alivyokuwa porini, ndani ya nchi ambayo leo ni Zambia, bila habari yoyote. “Tarehe kumi na mbili bado wanapigana. Tarehe kumi na tatu wanamkamata mjumbe wa Waingereza na pikipiki yake, wanampekua, ndipo wanaikuta habari. Na silaha hawakuzitoa rasmi mpaka tarehe ishirini na tano, wamepangwa mstari. Siku zote hizo wapagazi wetu, wale wa Carrier Corps waliotuachia jina la mtaa wa Kariokor, bado wako njiani na mizigo kichwani.” Adhiambo akainua mkono. “Mwalimu, yule aliyekufa tarehe kumi na mbili, alikufa kwenye vita ama alikufa kwenye amani?” Mwalimu Makau akasimama na chaki yake. “Hilo swali liandike,” akasema.

Nilikuwa na shajara mapajani. Niliihisi ile karatasi kupitia jalada. Sikumsikia tena Mwalimu vizuri, isipokuwa mwishoni, alipokuwa anafuta ubao na kusema kama anayeongeza chumvi: “Na hata karatasi yenyewe haitoshi kila mara. Vita vya pili Wajerumani walitia saini ya kushindwa mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa Ufaransa. Warusi wakasema hapana, hiyo haitoshi, waje Berlin, waje wakubwa wenyewe, wasaini tena mbele yetu. Wakaja, wakasaini tena.” Nekesa akanigusa kiwiko. “Ata hajaniangalia,” akaninong’oneza. “Kesho ndio mwisho. Acha tu.”

Siku ya kufunga nilifika mapema, nikasimama nyuma ya kile kibanda cha mboga. Nilikuwa na kalamu ya rangi ileile ya Nekesa, na nitasema ukweli, niliitazama ile tarehe nikaona inawezekana kuigeuza. Adhiambo alitokea amebeba mfuko wake, akanikuta, akasita. Hakuna aliyewahi kumngoja pale. Nikampa barua, tarehe ikiwa juu. Alisoma tarehe kabla ya kusoma jina. Niliona midomo yake ikihesabu. “Wiki tano,” akasema. Nikaitikia kwa kichwa. “Uliisoma?” “Hapana.” “Ata hukuisoma!” Akacheka, cheko fupi lisilo na furaha. “Mimi ningeisoma siku ya kwanza.” Akaketi kwenye kreti la soda, miguu bado kwenye patapata, akaisoma yote, mara mbili. Kisha akasimama akaingia getini bila kubadilisha viatu. Nilimwona akivuka uwanja na zile patapata za bluu mbele ya shule nzima, akafika kwa Nekesa aliyekuwa anafagia, na akasema “sasa” kwanza, yeye aliyekosewa. Walikumbatiana na ufagio katikati. Nilikuwa mbali sana kusikia, na hata hivyo, Mungu anisamehe, nilitamani ufagio ule ungekuwa mimi.

Nilingoja aseme. Siku ile, likizo ile, mwaka ule. Hakusema. Nikafikiri basi, nimeshapeleka, yamekwisha. Lakini Jumamosi pale Burma, kwenye soko lililopewa jina na askari waliorudi kutoka vita vya watu wengine huko Burma, nilipomsikia akisema “nilikuwa mjinga” badala yangu, nilimkumbuka Mwalimu Makau akifuta ubao. Mimi nilikuwa nimesaini mara moja tu, nyuma ya kibanda, na aliyestahili kuwepo hakuwepo.

Adhiambo alikuwa amelala kwa kina Nekesa. Jumapili, yaani asubuhi iliyofuata, nilifika Kaloleni kabla ya kanisa, shajara kwapani. Nekesa alikuwa anapiga pasi gauni lake mezani, Adhiambo anasuka nywele zake mbele ya dirisha, amekalia kile kiti, na Mzee anakunywa chai. Mama Nekesa akaniita kutoka jikoni, “Ingia Mumbe, chai iko.” Sikuketi. “Sasa,” nikasema, kwa wote. Adhiambo aliona shajara, akaacha kusuka. “Mumbe, si lazima,” akasema. “Lazima,” nikasema, na hakuna aliyeniuliza nimesemaje. Nikafungua ukurasa wa tarehe tatu mwezi wa saba, nikamwomba Nekesa azime pasi, kisha nikasoma kwa sauti nilivyokuwa nimeandika: “Leo Nekesa amenipa barua nimpelekee Adhiambo. Sijaipeleka, na si kwa sababu nimesahau.”